Jukwaa Lisilo na Mgeni Rasmi

Wanachuo wenzangu, hili kila mmoja wetu ameliona, awe amesoma chuo gani. Ni siku ya mahafali, au siku ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza. Mgeni rasmi ameshakaa, maji ya chupa yako mezani. MC anatangaza kwamba sasa tutapata "kaspoken word kidogo" kabla ya risala. Anapanda mtu stejini, kinanda kinalia taratibu nyuma yake, sauti inatetemeka. Anasema "sisi vijana", anasema "Mama Afrika", anamaliza kwa kumshukuru mgeni rasmi kwa kuacha majukumu yake mazito na kuja kujumuika nasi. Makofi, vigelegele, simu zinashushwa, risala inasomwa.

Tusidanganyane, hapo hakuna aliyejieleza. Kuna mtu amepamba sherehe, tena ameipamba vizuri, kama vitambaa vilivyofungwa kwenye viti. Mimi sina ugomvi naye. Ana kipaji, na pengine hizo ndizo dakika tatu pekee alizopewa kwa mwaka mzima. Ugomvi wangu ni na mpangilio wenyewe. Tuna sanaa isiyohitaji karatasi, studio wala bando, sanaa ambayo hata asiye na shilingi mfukoni anaweza kuifanya, halafu tumeichukua tukaibana katikati ya utambulisho na risala.

Hoja yangu ni hii. Ushairi wa kughani, au spoken word kama tulivyozoea kuuita, haupati nguvu yake kwenye sauti tamu wala kwenye vina. Unaipata pale mtu anaposimama kwa jina lake, akasema jambo lake, mbele ya watu wanaoweza kumjibu. Jina, jambo na jibu. Kikikosekana kimojawapo, kinachobaki ni burudani tu. Na wakati mwingine, hasa huku kwetu, kinabaki kitu cha hatari kabisa.

Wapo wanaosema sanaa hii tumeiiga kwa Wamarekani. Ni kweli kwamba yale mashindano ya ushairi wa jukwaani yanayoitwa slam yalianzia Chicago. Marc Smith, mshairi aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi, aliyaendesha katika baa ya Green Mill kuanzia mwaka 1986. Jipya alilolileta ni kwamba alama hazikutolewa na maprofesa. Aliwapa wasikilizaji wa kawaida waliokuwa wamekaa na vinywaji vyao. Mshairi akichosha, anaambiwa hapo hapo.

Lakini wewe unayesoma Kolandoto, au uliyewahi kupita Kolandoto ukitoka Shinyanga mjini kwenda Mwadui au Mwanza, umesimama kwenye ardhi iliyolijua jambo hilo kabla ya Green Mill. Wasukuma wana pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zinazotajwa kuanzia kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wacheza ngoma. Hadi leo mavuno yakiisha, kuanzia mwezi Juni, watu wanakutana uwanjani. Ukienda Bujora, kule Kisesa mkoani Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo utaiona kazi hiyo kwa macho yako.

Utaratibu wake ndio unaonivutia. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi na manju wake. Hakuna jopo la majaji wala kura za kutuma kwa simu. Watu wanahama kwa miguu yao. Manju akiimba jambo lisilo na kichwa wala miguu, anawaona kabisa wanamwacha wanaelekea kwa mwenzake. Akigusa jambo lenyewe, uwanja unamjia. Na mpinzani wake yupo pale pale, masikio wazi, anatafuta pa kumshika. Huwezi kwenda pale na wimbo uliokariri tangu mwaka jana ukadhani umemaliza kazi, kwa sababu kuna mtu wa kukujibu.

Wazee wa Shinyanga bado wanasimulia habari za Ng'wanamalundi, aliyenyoosha kidole miti ikakauka. Tunachosahau ni kwamba simulizi hizo hizo zinamtaja kuwa mcheza ngoma aliyevuta umati popote alipokwenda. Wajerumani walimkamata wakamfunga. Ninavyoona mimi, waliogopa ule umati kuliko ile miti.

Kwa hiyo tusiseme hatuna asili ya kitu hiki. Asili tunayo. Swali ni tumechagua tawi gani la asili hiyo. Mwaka 1988 Elias Songoyi aliandika tasnifu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu msanii na dola, akiwalinganisha waimbaji wawili wa kanda hii ya magharibi: Kalikali na Mwinamila. Mmoja alijulikana kwa kuisema serikali, mwingine kwa kusimama upande wake. Wote wawili walikuwa mafundi, na wote wawili walipendwa. Kusifu nako ni sanaa, sikatai. Lakini hebu jiulize, kwenye sherehe zetu ni Mwinamila wangapi wamewahi kupanda stejini, na ni Kalikali wangapi?

Historia yetu ya shuleni nayo imechangia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Watoto wa Tanzania nzima walipanda majukwaani wakajibizana kwa mashairi. Ilikuwa kazi kubwa, iliwafanya watoto wa wakulima wasimame mbele za watu wakaseme bila kutetemeka. Ila ngonjera ya shuleni ilikuwa na tabia moja: upande mmoja hujui, upande wa pili unajua, na mwisho asiyejua anakubali kwamba ameelimika. Jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla swali halijaulizwa. Shairi letu la mahafali ni mjukuu wa ngonjera hiyo, lakini mjukuu aliyebaki na upande mmoja tu. Wa kubishana naye hayupo.

Sasa linganisha na Mrisho Mpoto. Alipokuwa anaanza kusikika nchi nzima, alikuwa akipanda jukwaani peku na kumwita mwenye mamlaka "Mjomba". Watu walidhani ni mbwembwe. Mimi naona alijua anachofanya. Kiongozi anaweza kuacha kumjibu raia. Mjomba hawezi kumnyamazia mpwa wake, ni aibu. Kwa neno moja tu Mpoto alihamisha mazungumzo kutoka ofisini akayaleta barazani, mahali ambapo mtu akisemeshwa anapaswa kujibu. Ndivyo watani wanavyofanya pia. Mtani anakwambia ukweli mchungu msibani kwako, na wewe unaruhusiwa kumrudishia. Hapo kuna uhuru kwa sababu kuna zamu.

Na usidhani kujieleza ni lazima usimulie mambo ya chumbani kwako. Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka Fumba, Unguja, katika familia iliyotoka utumwani, hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kati ya nyimbo zilizomkalisha kwenye kumbukumbu ni ule wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke na jinsi haki ilivyopindishwa kwenye kesi yake. Yaliyompata marehemu hayakumpata Siti. Lakini alipoyaimba kwa sauti yake na kwa jina lake, yalikuwa yake, na kila aliyesikia alijua Siti anasimama wapi. Huko ndiko kujieleza. Watu wajue unasimama wapi.

Nilisema neno likikosa jina na jibu linakuwa hatari. Hapa ndipo Shinyanga na Geita zinapotufundisha somo ambalo Chicago haiwezi kutufundisha.

Kanda yetu inajua kuliko sehemu nyingi kwamba neno la kinywa linaua. Kwa miaka mingi bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu mtu fulani, katika chumba chenye giza, alisema neno. Ndiyo ile inayoitwa ramli chonganishi. Ng'ombe wamekufa, mtoto ameumwa, mganga anaulizwa ni nani, anajibu kwa mafumbo: jirani, mama mtu mzima, macho mekundu. Sisi tunaosoma mambo ya afya tunajua macho hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, miaka arobaini ya kupika kwenye jiko la mafiga. Lakini bibi hakuwepo chumbani wakati anatajwa. Hakuulizwa. Hakuna uwanja ambao angesimama akasema, "Mimi ni fulani, macho yangu ni ya moshi."

Ni neno la aina hiyo hiyo, la pembeni, lisilo na mwenyewe, lililosema viungo vya watu wenye ualbino vinaleta utajiri migodini na ziwani. Watoto wakalazimika kutengwa na wazazi wao, wakaletwa Buhangija, hapa hapa Manispaa ya Shinyanga, ili walindwe. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku ni jambo jema, lakini mnong'ono haukamatwi kwa tangazo. Unapunguzwa nguvu pale watu wanapozoea kuongea uwanjani.

Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba maneno ni maneno tu. Neno lina nguvu tayari. Tofauti kati ya ramli na shairi ni hizo tatu nilizozitaja. Mpiga ramli anajificha nyuma ya mizimu, mshairi anataja jina lake. Mpiga ramli anasema ya mwingine, mshairi anasema yake. Anayetajwa kwenye ramli hawezi kujibu, aliyeguswa na shairi yupo ukumbini na maiki ipo.

Na ramli tunazo hata vyuoni, jamani. Zinaitwa magrupu ya WhatsApp na kurasa za udaku zisizo na mwenyewe. Binti anaamka asubuhi anakuta picha yake na hadithi nzima kuhusu alipolala, aliyeandika hajulikani, waliosambaza ni mia mbili. Mapanga hayapo, lakini mpangilio ni ule ule: giza, jina la mtu, hakuna nafasi ya kujibu. Tunapokosa jukwaa la kusemea, hatunyamazi. Tunahamia gizani.

Kuna mambo mengi yanayosubiri jukwaa hilo. Takwimu za utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2010 zilionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, ule wa zamani kabla haujagawanywa, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika miaka 18. Hakuna mkoa uliokuwa juu yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ikaukazia mwaka 2019. Hayo yalisemwa kwa lugha ya mawakili, na yalihitajika. Lakini madarasa yetu yamejaa mabinti ambao habari hizo kwao si takwimu. Dada yake aliolewa kwa ng'ombe. Au yeye mwenyewe alikimbia. Au ada yake ya chuo imetokana na ng'ombe wa dada yake, na hajui amshukuru nani na amlilie nani. Hilo huwezi kuliandika kwenye risala. Kwenye risala kuna "changamoto zinazotukabili", namba moja hadi namba sita, ya kwanza ikiwa ni uhaba wa maji bwenini.

Vijana wa kiume nao wanayo yao. Yupo aliyeingia mduarani, shimoni, huko Geita au Kahama, akachimba mpaka ikapatikana ada, na leo amekaa dirishani anasoma fiziolojia ya mapafu huku anakumbuka vumbi alilovuta. Mtu huyo akisimama dakika tatu, somo la mapafu hutalisahau maisha yako yote.

Kwa tunaosomea kuhudumia wagonjwa kuna jambo la ziada. Tunafundishwa kuchukua historia ya mgonjwa: umeanza lini, unauma wapi, nyumbani nani mwingine anaumwa. Mgonjwa wa huku kijijini hajibu kama fomu inavyotaka. Anaanza na msiba wa mwaka juzi, anapitia kwa shemeji, halafu ndipo anafika tumboni. Aliyezoea kusikiliza mtu akijieleza mpaka mwisho atajua kwamba tumbo limeanzia kwenye ule msiba. Asiyezoea atamkatisha, "Mama, nimekuuliza tumbo." Kusikiliza kunajifunzwa kwa kusikiliza, na ukumbi wa mashairi ni darasa lisilo na sapu.

Najua mtakachoniuliza. Kwanza, hofu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", halafu akaachiwa na wimbo ukaruhusiwa kupigwa. Kule Uganda, Stella Nyanzi, msomi wa chuo kikuu, alihukumiwa kifungo mwaka 2019 kwa shairi aliloliandika Facebook kumhusu Rais. Mwanachuo mwenye mkopo na mzazi anayemtegemea ana haki ya kuogopa, na mimi simtumi mtu akawe shujaa kwa niaba yangu. Nasema tuanze na yaliyo yetu. Huhitaji kibali cha mtu kusema jinsi ulivyojisikia ulipofeli, ulipofiwa, ulipotongozwa kwa maksi. Hilo la mwisho, kwa taarifa yako, sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inaliita kosa. Aliyezoea kusema ukweli mdogo kwa sauti yake ndiye atakayeweza kusema mkubwa siku ukihitajika.

Pili, matusi. Mtasema tukifungua maiki watu watatukanana. Bagika na Bagalu wanarushiana maneno makali kuliko yetu, na jioni wanarudi nyumbani majirani. Wana kanuni, nasi tuwe nazo. Sema lako, usimtaje asiyekuwepo.

Tatu, lugha. Kuna ugonjwa wa kudhani shairi la maana ni lile la Kiingereza, lenye lafudhi iliyookotwa YouTube. Kiukweli, ukiumia usiku hulii kwa lafudhi hiyo. Kiswahili tunacho, na Kisukuma kipo. Mwenzetu akighani kwa Kisukuma na sisi wa kutoka Mbeya au Tanga tusielewe nusu yake, tutakuwa tumeonja anachopata mama wa Kishapu anapoelezwa dozi kwa lugha ya kitabu. Anayejua atatafsiri. Wodini tunafanya hivyo kila siku, kuanzia "mwangaluka" ya asubuhi.

Nne, wapo wanaosema spoken word ni tiba. Hapo tuwe makini. Shairi linaweza kumpunguzia mtu upweke, lakini mwenye sonona, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji mshauri na daktari. Makofi hayamtoshi. Ukisikia shairi la namna hiyo, usipige picha. Mfuate mwenzako ukae naye, kisha msindikize kwenye msaada.

Basi ninachoiomba serikali ya wanafunzi si kikubwa. Usiku mmoja kwa mwezi, bwaloni, baada ya chakula. Spika moja na maiki moja, na umeme ukikatika tutaghani bila maiki kama manju walivyofanya miaka yote. Kila anayesimama ataje jina lake kwanza. Dakika tatu. Shairi lisipelekwe kwa mtu yeyote kukaguliwa. Mtu asirekodiwe bila ridhaa yake. Lugha ni yoyote. Na baada ya kila mmoja, nafasi iachwe kwa mtu mmoja kumjibu, kwa shairi au kwa maneno ya kawaida, naye akitaja jina lake. Tukitaka ushindani, tugawe bwalo pande mbili, wasemaji wawili, watu wahame kwa miguu. Viti vya mbele wakae waliowahi kufika. Walimu wakipenda kuja waje, karibuni sana, lakini wapange foleni kama sisi, na wakiguswa wajibu kama sisi.

Usiku wa kwanza watasimama wanne, na wawili kati yao watasema "Mama Afrika". Haina shida. Wa tatu atasema jambo lake, bwalo litanyamaza, halafu kutoka nyuma mtu atanyoosha mkono aseme, "Mimi naitwa fulani, na nataka kumjibu." Hapo ndipo tutakuwa tumeanza.